Redio ya Hajji na sola ya kibanda: kisa cha kutoa mawimbi kwa mawimbi

Redio ya Hajji ilikuwa ikiugua mchana na kupona usiku. Ndivyo alivyonieleza aliponiita nyumbani kwake, mtaa wa Oli, hapa Arua, Uganda, nami nikacheka moyoni. Fundi husikia mengi: runinga inayoharibika mvua ikinyesha, friji inayogoma wageni wakija. Lakini nilipoketi mbele ya redio saa nne asubuhi niliyasikia mwenyewe. Spika ilinguruma kama cherehani iliyofungiwa ndani ya pipa, na mshale wa nguvu ya mawimbi ulikuwa umesimama kwenye S9, alama ya mawimbi yenye nguvu, bila mtu yeyote kusema neno.

Hajji anasafirisha mizigo. Malori yake hupita Ariwara na Mahagi hadi Bunia, ng'ambo ya Kongo, na mtandao wa simu katika barabara ile ni wa kubahatisha. Kwa hiyo bado anategemea redio ya HF, yaani ya mawimbi mafupi, ile ambayo wenzetu wa ng'ambo huiita foni. Kibali anacho, masafa yake yako karibu na megahezi 6.8, na antena yake ni dipoli, waya uliokatwa katikati, ya mita 21, iliyotundikwa kati ya mwembe na mlingoti wa chuma. Toka Arua mpaka Bunia, ukipiga mstari ulionyooka, ni kama kilomita 180. Wimbi la masafa hayo halitambai ardhini umbali wote huo. Linapanda karibu wima, linagonga ayonosfia, tabaka la juu la anga linalorudisha mawimbi, kisha linarudi chini kama maji ya mpira uliolenga darini. Mchana ndiyo saa yake nzuri. Na mchana ndio huo Hajji alikuwa hasikii.

"Bunia wanasemaje?" nikamuuliza.

"Wao wananisikia muzuri," akajibu kwa kuiga lafudhi yao. "Kiziwi ni mimi, mwanangu."

Jibu hilo lilinifaa kuliko kipimo chochote. Kama Bunia wanamsikia, basi mtambo wa kurusha ni mzima, antena ni nzima, na anga iko wazi. Ugonjwa uko upande wa kupokea, na uko karibu na nyumba hii.

Nilizima swichi kuu ya nyumba na kuiwasha redio kwa betri ya gari. Kelele haikupungua hata nukta. Nikachukua redio ndogo ya mkononi, nikaitoa kwenye stesheni zote, nikaanza kutembea nayo uani kama mtu anayetafuta ndama aliyepotea. Kila nilipoukaribia ukuta wa upande wa mashariki ilizidi kunguruma. Nyuma ya ukuta huo kuna kibanda cha video. Juu ya bati la kibanda kuna paneli za sola, na chini yake kuna chaji kontrola (kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unapoingia kwenye betri), betri na inveta. Wingu lilipopita mbele ya jua, mlio ulishuka sauti, ukayumba, kisha wingu lilipoondoka ukapanda tena. Hapo sikuhitaji ushahidi mwingine. Chaji kontrola ya kisasa hufanya kazi kwa kuwasha na kuzima umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na ikiwa haikuchujwa vizuri, waya ndefu zinazopanda kwenye paneli zinageuka antena ya kurusha takataka hiyo. Jua likichomoza inaanza, jua likizama inalala. Hajji alikuwa amesema kweli tupu.

Dawa ya kwanza ya kelele ni pale inakotoka, na nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nilikimbilia kompyuta. Nilikwenda kwa mwenye kibanda, kijana muungwana. Akaniruhusu kusokota waya zake kwenye pete za feraiti, zinazopunguza kelele ya umeme, na kuzisogeza waya za paneli zilale pamoja badala ya kuachana. Mshale ulishuka kutoka S9 mpaka kama S8. Kuzima hakuwezekani. "Fundi, nikizima sola, mechi nitaonyesha kwa nini?" aliniuliza, na swali hilo mimi sikuwa na jibu lake. Kununua mtambo mwingine wenye chujio bora kulikuwa juu ya uwezo wake, na Hajji, kwa sababu zake, hakutaka kulipia sola ya jirani. Baada ya wiki moja waya za paneli zilikuwa zimeachana tena, na mshale ukarudi S9.

Basi ndipo lilipokuja wazo la kutoa.

Wazo lenyewe ni la mtoto wa darasa la pili. Dipoli inasikia vitu viwili, sauti ya dereva na kelele ya kibanda. Nikiweka antena ya pili inayosikia kibanda tu, halafu nikatoa ya pili kutoka ya kwanza, itabaki sauti ya dereva. Wapenzi wa redio wanavyo visanduku vinavyofanya kazi hii bila kompyuta, vyenye kifundo cha kimo, yaani ukubwa wa wimbi, na kifundo cha fezi, yaani mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake. Sikuwa nacho. Nilikuwa na vipokezi viwili vya USB vya aina ya RTL-SDR na kompyuta mpakato yenye GNU Radio, programu ambamo unaunganisha visanduku kwa mistari na redio inajengeka mbele yako. Kisanduku chenye alama ya kutoa kipo ndani yake. Unaingiza A, yaani dipoli, juu, na B, antena ya pili, chini, A kutoa B inatokea upande wa pili.

Sasa nakiri: alama ile ya kutoa ndiyo sehemu rahisi kuliko zote katika kisa hiki, na ndiyo niliyoishughulikia kwanza. Kazi yote iko katika kumfanya B afanane na kile kipande cha A unachotaka kiondoke, kimo kilekile, wakati uleule, fezi ileile. Ukikosa kimoja, kutoa kunageuka kujumlisha.

Kabla hata ya hapo nilipoteza siku nzima kwa njia ya mkato. Nilichukua picha ya masafa kutoka antena ya kibanda, ile grafu yenye vilima, nikaitoa kutoka kwenye grafu ya dipoli. Kwenye kioo ilipendeza. Vilima vya kelele vilifutika. Lakini grafu haina sauti. Grafu inakuambia kila masafa yana nguvu kiasi gani, haikuambii wimbi liko juu au chini katika nukta ile ya wakati. Ukiirudisha kuwa sauti kwa kubahatisha, unapata dereva anayeongea kutoka chini ya maji, na vilio vidogovidogo kama vya kifaranga vikimzunguka. Hajji alisikiliza kidogo akasema huyo si dereva wake. Anayetaka kutoa wimbi hana budi kutoa wimbi lenyewe, sampuli kwa sampuli, yaani kipimo kimoja kimoja cha wimbi.

Kwa hiyo nikaunganisha vipokezi viwili. Cha kwanza kwenye dipoli. Cha pili kwenye kitanzi cha waya, kama mita moja kwa mita moja, nilichokitundika kwenye ukuta wa mashariki kikiangalia kibanda. Vipokezi hivi vilitengenezwa kwa ajili ya kutazama runinga ya kidijitali kwenye kompyuta; mwaka 2012 ilijulikana kwamba chipu iliyo ndani, RTL2832U, inaweza kutoa sampuli ghafi, na tangu hapo bei ya kujifunza redio ikashuka kwa kila mtu. Nilivyo navyo mimi vina njia ya kuingiza masafa ya HF moja kwa moja kwenye kigeuzi, kile kinachogeuza wimbi kuwa namba, bila kupita kwenye tyuna, sehemu ya kuchagua masafa. Kumbuka jambo hilo, litatufaa mbele. Niliviweka kwenye sampuli 250,000 kwa sekunde, kiwango cha chini ambacho chipu inakubali bila matata, kwa sababu sikuhitaji upana zaidi na sikutaka njia ya USB ijae. USB ikijaa inatupa sampuli kimyakimya, na ukipoteza sampuli upande mmoja tu, pande mbili haziendi sawa tena.

Nikasawazisha kimo kwa macho, nikaunganisha alama ya kutoa, nikawasha.

Kelele ikaongezeka.

Nilisikiliza tena, safari hii kwa vipokea sauti vya masikioni. Kulikuwa na vitu viwili ndani ya kelele ile. Mchakacho, yaani ule upana wote wa takataka, ulikuwa umekua kidogo na umetulia palepale. Lakini mluzi mmoja mwembamba ndani yake ulikuwa unapumua: unajaa, unafifia karibu kutoweka, unajaa tena. Nilihesabu kwa saa ya mkononi. Kama mara tatu na kitu kwa sekunde.

Hesabu hiyo ilinipa jibu. Kila kipokezi kina kristali yake ya kupima wakati, na hivi vyangu vimeandikwa kosa lisilozidi sehemu moja katika milioni. Ni kristali nzuri. Lakini kama moja imezidi nyingine kwa nusu ya sehemu moja katika milioni, basi kwenye megahezi 6.8 tofauti ni mizunguko 3.4 kwa sekunde. Ndiyo kupumua kule. Wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja wanajua hesabu hii bila kalamu: mchi wa mmoja ukipanda, wa mwenzake unashuka, na kinu kinapokea kila mmoja kwa zamu yake. Sasa mmoja akiwa mwepesi kidogo kuliko mwenzake, kidogo sana, hakuna atakayeona mwanzoni. Baada ya mapigo kadhaa michi inagongana hewani. Yakipita mengine wanarudi sawa, kisha wanagongana tena. Mawimbi yangu mawili yalikuwa yanafutana na kurundikana, yanafutana na kurundikana, mara 3.4 kila sekunde. Yakirundikana, kimo kinakuwa maradufu, yaani desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mawimbi) juu ya pale nilipoanzia. Mtu anayetafuta ukimya hawezi kulipa bei hiyo.

Kwa hiyo saa iwe moja. Vipokezi hivi, toleo la V3 la RTL-SDR Blog, vina vitundu kwenye bodi vya kutolea na kuingizia mapigo ya megahezi 28.8, na kijumpa cha kuchagua kipokezi kifuate saa ya nani. Nilihamisha kijumpa cha kimoja, nikalehemu kebo nyembamba yenye ngozi ya waya kati ya bodi mbili, fupi kadiri mkono ulivyoweza. Kazi hii ifanye asubuhi, kabla ya chai kali, kwa sababu vitundu vile havimsamehe mwenye mkono unaotetemeka. Na hapa ndipo ile njia ya moja kwa moja ya HF inapolipa. Kama mawimbi yangepita kwenye tyuna, kila tyuna ingefunga fezi yake yenyewe na ningekuwa na jambo jingine la kuchunga. Bila tyuna, saa ikiwa moja, tofauti ya fezi kati ya vipokezi inakaa ilivyo mpaka uzime au ubadilishe masafa.

Mluzi ukaacha kupumua. Mchakacho ukabaki vilevile.

Hilo la pili nililijua sababu yake mara moja, kwa aibu kidogo. Saa moja haimaanishi kuanza pamoja. Programu inaamsha kipokezi cha kwanza, kisha cha pili, na kati yao zinapita milisekunde kadhaa. Nilikuwa natoa kelele ya sasa kwa kelele ya zamani. Mluzi uliotulia haujali sana, maana mluzi wa zamani na wa sasa ni uleule. Mchakacho unajali. Mchakacho wa milisekunde saba zilizopita hauna udugu na huu wa sasa, na vitu visivyo na udugu ukivitoa vinajumlishana: mbili zenye nguvu sawa, matokeo ni desibeli 3 zaidi. Alama ya kutoa au ya kujumlisha, kwao ni mamoja.

Kupima tofauti ya kuanza kunafanyika kwa kulinganisha rekodi mbili: unasogeza moja juu ya nyingine, sampuli kwa sampuli, unatafuta pale zinapofanana zaidi. Nikatumia kelele yenyewe ya kibanda na nikapata si kilele kimoja bali safu ya vilele kama meno ya kitana. Lazima iwe hivyo, maana kelele yenyewe inajirudiarudia. Umbali kati ya mistari yake ulikuwa kama kilohezi 50, hivyo kila mikrosekunde 20, yaani kila sampuli tano, inafanana na nafsi yake tena. Jino lipi ni la kweli? Nilijaribu matatu nikachoka.

Mke wa Hajji ndiye aliyenitoa pale, bila kujua. Alikuwa jikoni akiwasha jiko la gesi kwa kile kiberiti cha kubonyeza kinachotoa cheche. Tik. Kwenye kioo changu mstari mweupe ulikata kutoka upande huu mpaka ule, kwenye vipokezi vyote viwili. Cheche ya umeme ni mshindo mfupi usiojirudia na unaojaza masafa yote kwa mpigo mmoja. Nikamwomba kiberiti. "Utanirudishia, mwanangu," akasema, na nilimrudishia siku tatu baadaye. Nikasimama katikati ya antena mbili, nikabonyeza, nikalinganisha rekodi. Kilele kimoja, kimesimama peke yake kama mnara: sampuli 1,873. Sampuli moja ni mikrosekunde 4, basi tofauti ya kuanza ilikuwa milisekunde 7.5 hivi. Nikaingiza 1,873 kwenye kisanduku cha kuchelewesha. Kila nikizima na kuwasha upya namba hiyo inabadilika, kwa hiyo kubonyeza kiberiti kumekuwa sehemu ya kuwasha redio, kama kupiga honi kabla ya kutoka getini.

Sasa saa ni moja na wakati ni mmoja. Vilibaki kimo na fezi, kwa kuwa kelele ya kibanda inafika kwenye kitanzi kwa njia moja na kwenye dipoli kwa njia nyingine. Viwili hivyo vinarekebishwa kwa namba moja changamano, inayobeba kimo na fezi pamoja, inayozidishwa kwa B kabla ya kutoa. Niliweka vitelezi viwili kwenye kioo, kimo na nyuzi za fezi, nikaanza kutafuta kwa sikio kama mtu anayefungua kufuli la namba.

Inafaa kujua nyuzi zinadai usahihi gani. Kimo kikiwa sawa kabisa na fezi ikikosewa kwa nyuzi 1, kelele inashuka desibeli 35. Ukikosea nyuzi 6, inashuka kama 20. Ukikosea nyuzi 60, haishuki kabisa, iko palepale ilipokuwa, na zaidi ya hapo unaiongeza. Kimo nacho kina hukumu yake: ukikosea asilimia 10, hata fezi ikiwa kamilifu hupati zaidi ya desibeli 20. Ndiyo maana mtu anaweza kusogeza vitelezi nusu saa asisikie tofauti yoyote. Shimo ni jembamba, na karibu pande zote ni ukuta.

Nilipolipata, nilijua. Ngurumo ya cherehani ilizama kama mtu aliyefunga mlango, na nyuma yake akatokea mwanamume akisoma hesabu ya magunia. Hajji aliruka kutoka kitini. Lakini mimi nilikuwa nimetazama kioo na nikaona jambo lililonitia wasiwasi: grafu yote ya upana wa kilohezi 250 ilikuwa bado imejaa vilima, isipokuwa bonde moja pale katikati, kwenye masafa ya Hajji. Aliyezoea kuhukumu kwa macho angesema mradi umeshindwa. Sababu ni ile njia mbili za kelele. Tofauti ndogo ya wakati iliyobaki, tuseme sampuli moja, kwenye upana wa sauti ya mtu wa kilohezi 3 inaleta kosa la nyuzi 2 tu ukingoni, lisilo na madhara. Kwenye umbali wa kilohezi 100 kutoka katikati, sampuli hiyohiyo moja ni nyuzi 144. Kule hutoi, unamwagia mafuta. Hajji hahitaji kilohezi 250, anahitaji 3. Bonde lile lilimtosha.

Kama saa saba mchana sauti ilianza kuzama tena. Nikasogeza kitelezi nyuzi kumi, ikarudi. Baada ya dakika chache, tena. Jua linapopanda, mkondo katika waya za paneli unabadilika, mchango wa kila waya katika kelele unabadilika, na njia iliyokuwa sawa asubuhi si sawa adhuhuri. Hajji hawezi kuajiri mtu wa kusogeza kitelezi kutwa nzima.

Kabla sijafika kwenye dawa yake, niseme hasara niliyoipata siku hiyohiyo. Redio ya Hajji inarusha wati 100. Kipokezi cha dipoli nilikiwekea rilei, swichi ya umeme, inayokikata pindi anapobonyeza kuongea. Kitanzi sikukiwekea, nikijiambia ni antena ndogo, iko ukutani. Kiko mita chache kutoka mguu wa dipoli. Hajji, kwa furaha ya kuwasikia watu wake, akabonyeza na kuita, "Bunia, Bunia, nawapata!" Kipokezi cha pili hakikuwapata tena. Kilikuwa na joto nilipokigusa na hakikurudi. Ilinibidi nisubiri kingine mpaka kilipofika kutoka Kampala, nikalehemu tena ile kebo ya saa, safari hii rilei ikiwa mbili.

Dawa ya kitelezi imekuwepo tangu mwaka 1960, pale Bernard Widrow na mwanafunzi wake Ted Hoff wa Chuo Kikuu cha Stanford walipotoa kanuni inayoitwa LMS. Nayo ni fupi kwa namna ya kushangaza. Baada ya kila sampuli, tazama kilichobaki baada ya kutoa. Kama kilichobaki bado kina harufu ya B, isogeze ile namba kidogo upande unaoipunguza harufu hiyo. Kidogo tu. Kisha sampuli nyingine. Mwaka 1975 Widrow na wenzake waliandika jinsi ya kuitumia kufuta kelele, na mfano wao mmoja ninaupenda: mapigo ya moyo wa mama yanachukuliwa kifuani, yanatolewa kutoka kwenye kipimo cha tumboni, na moyo wa mtoto ambaye hajazaliwa unasikika. Kitanzi changu ukutani ndicho kile kipimo cha kifuani.

Niliandika kisanduku kidogo kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Python ni mvivu kwa sampuli 250,000 kwa sekunde, kwa hiyo nilichelewesha kwanza kwa kasi kamili, kisha nikachuja na kupunguza pande zote mbili mpaka sampuli 10,000 kwa sekunde, na hapo ikamudu bila kuhema. Namba moja ilifanya kazi. Nane zilizofuatana zilifanya vizuri zaidi. Kitu pekee cha kuchagua kilibaki ukubwa wa hatua. Nikiweka kubwa, inafuata kelele kwa wepesi lakini inaanza kuila sauti ya mtu, hasa irabu ndefu. Nikiweka ndogo, wingu likipita kuna sekunde mbili tatu za ngurumo kabla haijatulia. Nilimwachia Hajji achague, maana masikio ni yake na madereva ni wake. Alichagua ndogo.

Mshale wa kelele ulishuka kutoka S9 mpaka kati ya S5 na S6. Ni kama desibeli 20. Madereva wake huingia karibu S7, kwa hiyo sasa wako juu ya kelele badala ya kuwa chini yake, na kwa redio ya sauti hiyo ndiyo tofauti kati ya kuandika idadi ya magunia na kuikisia. Sikufika desibeli 35 na sitarajii. Kitanzi nacho kina kelele yake ya ndani, na kila ukitoa unaiingiza hiyo pia. Ndiyo sababu kitanzi lazima kiwe karibu sana na kibanda: kikisikia kelele kwa nguvu, namba ya kuzidishia inakuwa ndogo, na mchakacho wake wa ndani unapunguzwa pamoja.

Siku moja alinipigia simu kwamba dawa imekwisha nguvu. Nilienda nikiwa na hofu ya waya ya saa, nikakuta vyote vizima na ngurumo mpya yenye sauti nyembamba. Kitanzi hakikuisikia kabisa. Ilitoka ndani ya nyumba, kwenye chaja ya simu ambayo mjukuu alikuwa ameinunua sokoni wiki hiyo. Antena moja ya rejea inafuta chanzo kimoja. Cha pili kina njia yake na kinadai antena yake. Au unaweza kuichomoa chaja. Tuliichomoa.

Jambo jingine nililomkataza ni kusogeza kitanzi juu ili "kisikie vizuri". Kikisikia vizuri kitamsikia na dereva, na LMS haijui nani ni dereva na nani ni kibanda. Inafuta chochote kinachofanana pande zote mbili. Na programu yote hii inafanya kazi baada ya kigeuzi chenye biti 8, ngazi 256 tu. Kelele ikiwa kubwa mpaka kigeuzi kimejaa, sauti ya dereva imekwisha kukatwa kabla ya hesabu kuanza, wala hakuna kutoa kutakakoirudisha. Kwa ajili hiyo niliweka chujio la koili na kondensa mbele ya kila kipokezi, kuzuia stesheni kubwa zisiingie bure.

Hajji alilalamika jambo moja tu, kwamba sauti inatoka kwenye kompyuta huku mdomo uko kwenye redio, na kwamba inachelewa kama theluthi ya sekunde. Alizoea baada ya siku chache.

Cha usiku hatukukitarajia. Sola ikilala, kitanzi hakina kibanda cha kusikiliza, kinabaki na anga. Masafa ya jirani yanajaa stesheni za mbali, zinashuka kwenye kitanzi na kwenye dipoli sawasawa, na ile kanuni, kwa utiifu wake, inaanza kuzifuta pande zote, Bunia ikiwa miongoni mwao. Nilianza kumwandikia programu ya kuzima yenyewe jua likizama. Akanizuia. Msikiti uko hatua chache kutoka kwake. Adhana ya magharibi ikianza, ananyoosha mkono, anabofya kitufe cha kusimamisha, anaigeuza spika irudi kwenye redio, kisha anakwenda kutawadha.